Mwana wa Kau Mjini Perugia

Neno la kwanza la Kitaliano alilolihifadhi kijana mmoja wa Kau ni maiale, yaani nguruwe. Mamake alimuusia achunge kinywa chake, naye katika kila mkahawa wa Perugia aliuliza hilo kabla hata ya kuzijua salamu vyema. Miezi ya mwanzo alikula mayai, maharagwe na mkate.

Na mkate wa huko hautiwi chumvi! Mwana wa mto Ozi, ambako maji ya bahari yakipanda huunguza mpunga, akaililia chumvi ugenini. Wenyeji husimulia kuwa Papa Paulo wa Tatu aliipandisha bei mwaka 1540, watu wakaasi, wakashindwa. (Papa wa kwetu, msomaji, ndiye atiwaye chumvi akawa ng'onda.)

Lugha ilimjia upesi katika Chuo Kikuu cha Wageni, kwani maneno mengi huishia kwa irabu kama yetu. Ila mai, ambayo kwa Kiamu ni maji, kwao ni "katu".

Lililomuuma zaidi ni kibla. Kau watu huswali wakielekea kaskazini. Naye siku za awali akaswali vivyo hivyo Perugia, kwa mazoea. Alipotanabahi kuwa Makka sasa iko kusini-mashariki yake, alitawadha kwa maji baridi kama barafu, akazilipa zote usiku mmoja.