Mfungo wa Kina Mama wa Kihindu Uasin Gishu

Oktoba ni mwezi wa mavuno Uasin Gishu. Katika eneo bunge la Ainabkoi, kuanzia mtaa wa Kapsoya mjini Eldoret hadi nyanda za baridi kuelekea Timboroa, watu wanahangaika na mahindi. Msimu huohuo, wanawake wa Kihindu wenye asili ya kaskazini mwa India huadhimisha Karva Chauth, siku ambayo mke hufunga kwa ajili ya mumewe, bila hata tone la maji, tangu alfajiri hadi mwezi uonekane. Mwaka 2025 iliangukia tarehe 10 Oktoba.

Reli ndiyo iliyowafikisha Wahindi wengi bara. Kati ya 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab, waliletwa kujenga njia kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Takriban 2,500 walifariki. Tawi lililopita Timboroa na Ainabkoi lilifika Eldoret mwaka 1924, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka katika miji ya njiani. Historia hiyo husimuliwa kwa majina ya wanaume. Lakini dini ya nyumbani, mapishi yake na kalenda ya mifungo yake, ilibebwa na wake na mama zao.

Karva Chauth inaonyesha walivyoibeba. Kabla ya mapambazuko, mama mkwe humwandalia mkaza mwanawe sargi, chakula kinachofanya kazi ya daku: tambi za maziwa, matunda, lozi na vitamu. Mikono huwa imepambwa kwa hina. Jioni wanawake huvaa nguo za harusi, nyekundu zikitia fora, kisha huketi duara na kupitishiana masinia ya sadaka huku mmoja wao akisimulia kisa cha Veeravati. Malkia huyo alikuwa na kaka saba. Kwa kumwonea huruma dada yao aliyelegea kwa njaa, walimdanganya kuwa mwezi umechomoza. Alipokula tu, akapata habari kwamba mumewe amefariki. Hakukata tamaa, alishika ibada hadi mume akarudishiwa uhai.

Mwezi wa siku hiyo, ya nne baada ya mwezi mpevu, huchomoza saa kadhaa baada ya jua kutua. Wingu likitanda, subira hurefuka. Ukionekana, mke huutazama kupitia chekeche, huumiminia maji, kisha humtazama mumewe, naye humnywesha funda la kwanza.

Wapo wanaouliza: mbona mke amfungie mume, na mume asimfungie mke? Swali hilo ni la haki, na siku hizi wapo waume wanaofunga pamoja na wake zao. Lipo jingine zito zaidi: kwa desturi, mjane hana nafasi katika duara hilo, ilhali huenda yeye ndiye anayehitaji zaidi kushikwa mkono.

Mwaka 2017 serikali ilitambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii. Tangazo pekee halijengi ujirani. Tunapaswa kuzijua siku kuu za jirani kama tunavyolijua duka lake. Nao kina mama walioivusha ibada hii bahari wana uwezo wa kulipanua duara lake, ili mjane naye apokee sinia.