Kodi ya Nyumba Inapopanda: Yampasayo Mpangaji na Mwenye Nyumba Kuyajua

Kila muhula wa kodi unapokaribia kwisha, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za kupanga za Kata ya Mwandiga: je, kodi itapanda, na itapanda kwa kiasi gani? Mpangaji hulitafakari swali hilo akiwa na hofu ya kuhama, kuwahamisha watoto shule na kuanza upya kutafuta chumba. Mwenye nyumba naye hulitafakari akikumbuka bati linalovuja, shimo la choo lililojaa na bei ya saruji dukani. Wote wawili wana hoja. Aghalabu kinachowafikisha kwenye ugomvi ni kukosekana kwa makubaliano yaliyoandikwa mapema kuhusu lini na kwa namna gani kodi itabadilishwa. Kiasi chenyewe cha nyongeza huwa ni sehemu tu ya tatizo.

Makala haya yanaeleza kwa nini kodi hupanda, sheria inasema nini, na hatua ambazo kila upande unaweza kuzichukua kabla mambo hayajafika barazani.

KWA NINI KODI INAPANDA

Mwandiga ipo jirani na Manispaa ya Kigoma/Ujiji, na hapo ndipo inapoanzia barabara ya lami iendayo Manyovu, mpakani na Burundi. Mtu anayefanya kazi mjini Kigoma anaweza kulala Mwandiga na kuwahi kazini asubuhi kwa daladala au bajaji. Mfanyabiashara anayepeleka bidhaa mpakani, au anayeleta mazao sokoni, huona faida ya kukaa karibu na njia hiyo. Kadiri watu wa namna hii wanavyoongezeka, ndivyo vyumba vinavyogombewa.

Idadi ya watu nayo imekua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,127,930 katika Mkoa wa Kigoma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,470,967. Hilo ni ongezeko la watu 343,037 katika miaka 10, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulala.

Aina ya nyumba nayo imebadilika. Nyumba nyingi za kupanga za zamani zilikuwa za korido, zenye vyumba pande mbili, jiko na choo vikiwa uani kwa matumizi ya wote. Siku hizi wapangaji wengi hutafuta chumba kinachojitegemea, maarufu kwa jina la masta, au chumba na sebule, chenye choo ndani, maji na mita yake ya umeme. Nyumba ya namna hiyo hudai mabomba, tanki la maji, shimo la majitaka na vigae, navyo vyote ni gharama. Vifaa vingi vya ujenzi hufika Kigoma baada ya safari ndefu; Reli ya Kati peke yake, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ina urefu wa takribani kilomita 1,250. Nauli ya mzigo huingia katika bei ya saruji na nondo, na hatimaye katika kodi ya chumba.

SHERIA INASEMA NINI

Wapo wananchi wanaoamini kwamba Serikali hupanga kiwango cha juu cha kodi ya nyumba. Hali hiyo iliwahi kuwapo. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 iliweka masharti kuhusu viwango vya kodi na kuhusu kuondolewa kwa wapangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kodi ya nyumba ya mtu binafsi hutokana na maelewano ya pande mbili, na hakuna ofisi ya kata wala ya wilaya yenye mamlaka ya kumwamuru mwenye nyumba atoze kiasi fulani.

Hata hivyo, uhuru wa kukubaliana bei haumaanishi uhuru wa kuvunja makubaliano. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaweka misingi ya upangaji. Kwa nyumba zilizo katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, nayo huhusika. Asiye na hakika kuhusu aina ya ardhi ya mahali anapoishi aulize ofisi ya kijiji.

Misingi inayofaa kukumbukwa ni hii:

Kwanza, upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja unaweza kufanywa kwa mdomo au kwa maandishi, na vyote viwili vinatambulika. Ugumu wa makubaliano ya mdomo hujitokeza siku ya kuthibitisha nani alisema nini.

Pili, kodi iliyokubaliwa na kulipwa kwa muhula fulani hufunga muhula huo. Mpangaji aliyelipa miezi sita hadaiwi nyongeza katika mwezi wa tatu, isipokuwa kama mkataba wenyewe uliruhusu jambo hilo.

Tatu, pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa, upangaji huhesabiwa kwa kufuata kipindi cha kulipa kodi. Anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na upande unaotaka kuuvunja upangaji huo sharti utoe notisi isiyopungua mwezi mmoja.

Nne, mwenye nyumba ana wajibu wa kumwacha mpangaji akae kwa utulivu. Aliyekodisha sehemu ya jengo ana wajibu pia wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu ya jengo hilo. Mpangaji naye ana wajibu wa kulipa kodi kwa wakati, kutunza chumba, na kumruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua au kukarabati kwa wakati unaofaa na kwa taarifa.

Kwa hiyo kumfungia mpangaji mlango kwa kufuli jingine, kumkatia umeme au kuezua bati ili aondoke si utaratibu wa kudai kodi. Vivyo hivyo, mpangaji anayekaa bila kulipa kwa kisingizio kwamba "hakuna maandishi" hajalindwa na sheria yoyote.

HESABU YA MWENYE NYUMBA

Nyongeza kubwa ya kodi si lazima ilete mapato makubwa. Chukua mfano wa chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Kikikaliwa mwaka mzima bila nyongeza, mwenye nyumba hupata shilingi 480,000. Akiongeza shilingi 5,000 na mpangaji akabaki, mapato ya mwaka ni shilingi 540,000. Akiongeza shilingi 10,000, mpangaji akahama na chumba kikakaa wazi miezi miwili, atakusanya miezi 10 ya shilingi 50,000, yaani shilingi 500,000. Amepandisha kodi mara mbili zaidi, lakini amepata pungufu ya shilingi 40,000 kuliko angeongeza kidogo. Hapo bado hajapaka rangi wala kutengeneza kitasa kilichovunjika wakati wa kuhama.

Mpangaji anayelipa kwa wakati, anayefagia uwanja na asiyegombana na majirani ni mali. Mwenye nyumba mwenye busara huliweka hilo katika hesabu yake.

Nyongeza hupokelewa vizuri zaidi inapoambatana na sababu inayoonekana: tanki jipya, choo kilichokarabatiwa, mita ya umeme ya kila chumba. Hupokelewa vibaya inapokuja ghafla, siku tatu kabla ya muhula kwisha, kwa sababu tu jirani naye ameongeza.

HESABU YA MPANGAJI

Kwa mpangaji, mzigo mzito zaidi mara nyingi ni kulipa kwa mkupuo. Kodi ikitoka shilingi 40,000 hadi 50,000 kwa mwezi, anayelipa kwa miezi sita anatakiwa kutoa shilingi 300,000 kwa siku moja badala ya 240,000. Anayeweka shilingi 1,700 kila siku hukaribia shilingi 51,000 kwa mwezi, nayo yatosha kodi hiyo. Vikundi vya kuweka na kukopa vimewasaidia wengi kutunza fedha ya namna hii isitumike kwa mambo mengine.

Kabla ya kuamua kuhama, mpangaji apige hesabu yote: ujira wa dalali, gari la kubebea vyombo, kodi ya miezi kadhaa kwa mwenye nyumba mpya, na nauli ya kila siku iwapo anakwenda mbali zaidi. Chumba cha bei nafuu kilicho mbali na kazi kinaweza kumgharimu zaidi ya kile alichokikimbia.

Ipo pia hali ya pekee ya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kipato cha wengi hutegemea dagaa na migebuka, moja kwa moja au kupitia biashara. Uvuvi wa dagaa kwa taa hutegemea usiku wa giza, kwa hiyo mwezi unapong'aa fedha hupungua mikononi mwa watu. Aidha, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 shughuli za uvuvi upande wa Tanzania zilisimamishwa ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazozunguka ziwa hilo. Hatua hiyo ina manufaa kwa ziwa, lakini katika miezi hiyo kodi haikusimama. Mpangaji ambaye kipato chake kinategemea ziwa afanye mambo mawili: aweke akiba wakati wa neema, na aombe mapema tarehe za kulipa kodi zisiangukie katika kipindi cha kusimamishwa kwa uvuvi. Mwenye nyumba hapotezi chochote kwa kukubali tarehe inayolipika.

KODI YA JENGO KATIKA LUKU

Malalamiko mengine hutokana na makato ya kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Kuanzia Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na shilingi 18,000 kwa mwaka. Anayekatwa ni yeyote anayenunua umeme, lakini mwenye wajibu wa kulipa kodi hiyo ni mmiliki wa jengo. Njia ya amani ni pande mbili kuandika katika mkataba kwamba makato hayo yatarudishwa kwa mpangaji au yatapunguzwa katika kodi ya nyumba. Mpangaji ahifadhi ujumbe wa manunuzi ya umeme kama ushahidi.

MKATABA UNAOTOSHA UKURASA MMOJA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa kupanga chumba hauhitaji lugha ngumu. Unatosha iwapo umetaja mambo haya:

1. Majina ya pande mbili, namba za simu na mahali nyumba ilipo.
2. Kiasi cha kodi, kipindi kinacholipiwa na tarehe ya kulipa.
3. Tarehe ya kuanza na ya kumalizika kwa upangaji.
4. Muda wa taarifa kabla ya kupandisha kodi. Miezi miwili au mitatu huwapa wote nafasi ya kujipanga.
5. Muda wa notisi kwa anayetaka kuuvunja upangaji.
6. Nani analipia maji, umeme, taka na kunyonya choo, na kwa mgawanyo gani.
7. Nani anatengeneza nini, na hali ya chumba siku mpangaji anapoingia.
8. Saini za pande mbili na za mashahidi.

Kila upande ubaki na nakala yake. Kila malipo yapewe stakabadhi, hata kama ni karatasi ya daftari yenye tarehe, kiasi na saini. Malipo ya simu nayo huacha kumbukumbu inayoweza kuonyeshwa baadaye. Kwa fremu ya biashara lipo jambo la ziada: mpangaji mfanyabiashara hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi anayomlipa mwenye fremu na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania. Suala hilo lizungumzwe kabla ya kutia saini, ili baadaye mmoja asidhani amepunjwa.

MAELEWANO YAKISHINDIKANA

Hatua ya kwanza ni mazungumzo ya pande mbili, mbele ya mtu anayeheshimiwa na wote, akiwamo mwenyekiti wa kitongoji. Wakishindwa kuelewana, Baraza la Ardhi la Kijiji na Baraza la Kata hutoa huduma ya usuluhishi. Ieleweke kwamba, kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Lisipofanikiwa, hutoa uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana, na mlalamikaji huweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ya Kigoma. Siku 30 zikipita bila shauri kusuluhishwa, anaweza kwenda huko hata bila uthibitisho huo.

Anayekwenda barazani abebe mkataba, stakabadhi, ujumbe wa malipo na notisi yoyote aliyopewa. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi minne na mpangaji anayedai kuwa amelipa wote hukutana na swali lile lile: maandishi yako wapi?

Wapangaji na wenye nyumba wenye shaka kuhusu mkataba au notisi wanakaribishwa kuuliza katika ofisi ya Mtendaji wa Kata siku na saa za kazi. Wakati mzuri wa kuuliza ni kabla muhula mpya wa kodi haujaanza.