Maji ya Nazi Yasiishie Mtaroni

Anayetengeneza mafuta ya nazi kwa kuchachusha hukuna nazi, akakamua tui, akaliacha kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi krimu imepanda juu, na chini yamebaki maji ya kijivu yenye harufu ya uchachu. Krimu huenguliwa ikapikwa hadi mafuta yajitenge. Yale maji ya chini humwagwa, pamoja na maji ya ndani ya nazi kavu na ya kuoshea masufuria. Sehemu kubwa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, haina bomba la majitaka, kwa hiyo maji hayo huishia kwenye shimo la choo au mtaroni. Naona kosa kubwa liko kwenye kuyachanganya. Yale mazito, ya chini ya krimu na ya ndani ya nazi, ni machache, na yakitengwa tangu kwenye ndoo, kuyatibu ni kazi ndogo.

Wapo wanaosema nazi ni chakula, haina sumu, imwage tu ardhi itainywa. Lakini madhara yanatokana na kuwa chakula. Vijidudu vya majini hula sukari na mafuta hayo kwa pupa, na kila wanapokula hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, ile ile anayoitegemea samaki. Lita moja ya maji ya nazi iliyokomaa huwa na sukari ya gramu 20 au zaidi, na kuiozesha yote kunahitaji oksijeni ya uzito unaokaribia huo. Maji safi ya mto, kwa joto letu la Pwani, hubeba takribani miligramu 8 tu kwa lita. Kwa hesabu hiyo lita moja inatosha kumaliza oksijeni ya lita 2,500. Mto unaokwenda kasi hupata hewa mpya njiani. Mtaro wa kiangazi uliotuama haupati, ndiyo maana hunuka. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za 2007 zinataka majitaka yanayotiririshwa yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika siku 5.

Atakayesema vyoo vinavyotapishwa wakati wa mvua vinachafua zaidi, yuko sahihi. Ila mambo haya mawili yanashikana. Mafuta na chembe za machicha huziba mchanga unaozunguka shimo, shimo linajaa kabla ya wakati, na mwenye nyumba asiye na fedha za gari la kunyonya anasubiri mvua atapishe. Mto Kizinga, unaopita Temeke na kupokea uchafu huo, ndio huo huo unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni. Tunachomwaga tunakuja kukisafisha kwa gharama ili tukinywe.

Dawa yake inajulikana. Maji ya nazi kavu hutengenezwa siki, kama wafanyavyo Wafilipino, na machicha ni chakula cha kuku. Maji ya kuoshea yapite kwenye tangi la kunasia mafuta, lakini hapa kuna jambo la kuangaliwa: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na mchana Dar es Salaam ni nadra kupoa kiasi hicho. Hivyo maji ya moto yapozwe kwanza, na tangi liwe kubwa vya kutosha ili mafuta yapate muda wa kuelea. Kinachobaki, pamoja na maji ya chini ya krimu, ni kikali kwa uchachu. Kitiwe chokaa, kikae kwenye tangi lililofunikwa, ambamo hutoa gesi ya kupikia, kisha kipite kwenye kitanda cha changarawe kilichopandwa matete, njia ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeitafiti kwa miaka mingi.

Mama mwenye ndoo mbili hawezi kujenga yote hayo, na kumtoza faini ni kumfukuza kazini tu. Kikundi kinaweza. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo wa mashine ya kukunia na kukamulia uhesabiwe pamoja na matangi hayo, na afisa afya wa kata ayakague kabla mashine haijawashwa.