Bomba Lililopotea Pergamon

Wanaopanda Pergamon, mji wa kale juu ya mlima ulioinukia Bergama nchini Uturuki, hukimbilia ukumbi wa maonyesho ulioning'inia ubavuni, kisha husikitikia madhabahu ya Zeus: msingi umebaki na misonobari yake, michongo iko Berlin. Mimi nilinaswa na mawe yenye matundu.

Ni mabamba mazito yaliyotobolewa katikati, ya kushikilia bomba lisicheze. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, enzi za Mfalme Eumenes wa Pili, maji ya milima ya Madra yalisafiri zaidi ya kilomita 40 katika mabomba ya udongo hadi kwenye birika, ng'ambo ya bonde. Kilele cha Pergamon kilikuwa chini kidogo tu ya birika hilo, ila kati ya viwili hivyo palikuwa na kilomita kama 3 za mabonde, kina chake karibu mita 190. Basi maji yakafungiwa ndani ya bomba, yakaporomoka, na uzito wa yaliyofuata ukayapandisha upande wa pili. Chini bondeni presha ilikuwa kama mara nane ya tairi la gari dogo. Pampu haikuwepo.

Fundi aliyenieleza kazi hiyo ni Vitruvius, Mrumi aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye. Pergamon haikuwa kazi yake, lakini anaongea kama mtu aliyewahi kulowa. Maungio, anasema, yazibwe kwa chokaa iliyokandwa na mafuta. Penye kona bomba lipite ndani ya jiwe zima, maana hapo ndipo maji hupasua. Maji yenyewe yafunguliwe taratibu, na kwanza kabisa yatiwe majivu, yakajipenyeze yazibe panapovuja. Majivu! Nani aliligundua hilo kama si fundi aliyekwishakata tamaa, bomba linamvujia na mkubwa wake anamsubiri?

Vitruvius huyohuyo anapendelea bomba la udongo kuliko la risasi. Watazameni wafua risasi, asema, walivyopauka. Na lile la bondeni Pergamon lilikuwa la risasi. Hakijapatikana kipande, watafiti walilitambua kwa risasi iliyosalia kwenye udongo wa njia yake.

Nani alilichukua? Risasi huyeyuka upesi na haikosi mnunuzi. Liling'olewa kwa amri au kwa wizi? Watu walikuwa bado wanaishi kule juu, wakitegemea mabirika ya mvua, au walikuwa wamekwisha kushuka?