Risasi, Zebaki na Siha ya Waundao Vyombo vya Umeme

Kakese, kata ya wakulima wa mpunga iliyomo katika Manispaa ya Mpanda, haina kiwanda cha redio wala cha simu, na msomaji ana haki ya kuuliza sheria ya Ulaya ikatazayo madini ya sumu katika vyombo vya umeme inaihusu nini. Lakini nchi ya Mpanda na madini hayo ni jamaa wa zamani. Katika mgodi wa Mukwamba kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi, pamoja na fedha, shaba na dhahabu, na njia ya reli itokayo Kaliua mpaka Mpanda, kilomita zipatazo 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 hasa kwa ajili ya mgodi huo, ambao hatimaye ulifungwa mwaka 1960. Leo risasi hairudi Mpanda kwa mabehewa. Hurudi katika betri za mwanga wa jua na katika waya mwembamba wa kulehemu, uliozungushwa juu ya kigurudumu cha plastiki, mezani kwa fundi simu.

Mtazame fundi huyo akiwa kazini. Mkono wa kuume umeshika chuma cha kulehemu, wa kushoto umeshika bodi ya simu iliyofunguliwa, na waya wa kulehemu ameubana kwa meno. Moshi mweupe unaompanda usoni watu wengi huudhania kuwa ni moshi wa risasi, na sivyo: ni moshi wa utomvu wa msonobari uliotiwa ndani ya waya ili usafishe madini yapate kushikana, nao huwasha macho, hukaza kifua, na kwa aliyeuvuta miaka mingi waweza kuleta pumu. Risasi yenyewe, kwa joto la chuma kile, haigeuki mvuke wa kutisha. Hubaki vidoleni na midomoni, na adhuhuri, fundi aletewapo sahani ya wali akaula kwa mkono kama ilivyo desturi yetu, pasipo kunawa kwa sabuni, hushuka pamoja na tonge. Ikiisha kuingia damuni hujificha mifupani miaka na miaka, hupandisha shinikizo la damu, huharibu figo na kudhoofisha uzazi. Na mtoto mdogo achezaye chini ya meza ile huifyonza mara nne au tano kuliko mtu mzima, ikamla ubongo ungali unakua.

Madhara hayo yalijulikana zamani, walakini amri yenye nguvu juu ya vyombo vya umeme ilichelewa. Umoja wa Ulaya uliitoa mwaka 2003, ukaitia katika utekelezaji tarehe 1 Julai 2006, ukiweka mpaka kwa risasi, zebaki, kadimi, kromi ya aina iliyo kali, na namna mbili za dawa zitiwazo katika plastiki ili isishike moto upesi. Kila kimoja kisizidi sehemu moja katika elfu ya uzito wa mada kilimo, na kadimi isizidi sehemu moja katika elfu kumi. Tangu Julai 2019 zikaongezwa dawa nne za kulainisha plastiki. Maadamu mwenye kiwanda haoni faida ya kuunda simu za namna mbili, moja ya Ulaya na moja ya ulimwengu mwingine, amri hiyo ya watu wa mbali ikawa kanuni ya viwanda vya China, Japani na Malaysia, na kwa njia hiyo simu mpya inayouzwa Mpanda aghalabu nayo imeundwa kwa kuifuata.

Manufaa kwa wafanyakazi ni dhahiri, wala si haki kuyadharau. Mchanganyiko wa zamani wa kulehemu, ambao ndio uliotumika ulimwenguni katika zama ambazo kiwanda cha Matsushita kilianzishwa Dar es Salaam, mwaka 1966, kuunda betri kavu na redio, ulikuwa na sehemu 63 za bati na 37 za risasi. Badala yake wahandisi waliweka bati sehemu 96.5, fedha 3 na shaba nusu, na maelfu kwa maelfu ya mikono ikaepushwa na vumbi la risasi. Lakini mchanganyiko wa kwanza huyeyuka kwa nyuzi 183, na huu mpya kwa nyuzi 217 au zaidi. Joto likapanda, na moshi wa dawa za kulehemu ukazidi, katika kumbi ambazo hewa yake haikuwa njema tangu awali.

Na hapa ndipo nionapo upungufu mkubwa wa amri hii. Mizani yake hupima kile kinachosalia katika chombo siku kinapotoka kiwandani, ilhali sumu nyingi zimdhuruzo mfanyakazi huwa zimekwisha kukauka na kwenda zake kabla chombo hakijatiwa katika sanduku. Katika kiwanda cha Wintek mjini Suzhou, China, mnamo mwaka 2009, wafanyakazi waliacha kupangusa vioo vya simu kwa spiriti, wakapewa kiowevu kiitwacho heksani kwa sababu hukauka upesi na kazi huenda mbio. Watu 137 wakaumia, wengi wao wakifa ganzi mikono na miguu hata kutembea kukawa shida. Simu walizozipangusa zingaliweza kupimwa kwa amri ya Ulaya zikapita pasipo doa. Apple, waliokuwa wakinunua vioo hivyo, walikiri jambo hilo mwaka 2011, na mwaka 2014 ndipo walipokataza heksani na benzini katika hatua ya mwisho ya uundaji. Huko Korea Kusini binti aitwaye Hwang Yu-mi, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Samsung, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 22, na baba yake, dereva wa teksi, alishindana na kampuni hiyo zaidi ya miaka kumi, hata mwezi wa Novemba 2018 ikaomba radhi hadharani na kukubali kuwalipa wagonjwa fidia.

Mintarafu zebaki, mambo ni yayo hayo, na kwa watu wa Katavi, mkoa ilimo Mpanda, ni ya karibu zaidi. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unaziondoa sokoni betri, taa na swichi nyingi zenye zebaki, lakini katika viungo vya bodi za simu hutiwa dhahabu, kwa kuwa haishiki kutu. Dhahabu hiyo yaweza kuanzia kwa mchimbaji mdogo aliyeikamata kwa zebaki ndani ya karai, kisha akaichoma juu ya mkaa akiwa ameiinamia. Mnunuzi wa mwisho hupata chombo kisicho na zebaki. Mvuke umebaki katika mapafu ya mchimbaji. Sehemu nyingine hushuka mitoni, na katika matope ya majaruba vijidudu huweza kuigeuza kuwa zebaki iliyo kali kuliko zote, nayo mpunga huweza kuinyonya. Retoti, kile chombo cha chuma kinasacho mvuke na kumrudishia mwenyewe zebaki yake, si kitu cha gharama kubwa. Nashangaa kwamba bado yapo machimbo ambamo haijazoeleka.

Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008, lakini fundi wa pembeni mwa soko na mchimbaji wa shimo la kukodi hawana mwajiri wa kuwachangia, na mkaguzi hana ofisi ya kubisha hodi. Pwani ya Kenya ilionyesha ni nini kinachoweza kuleta haki mahali penye unyonge kama huo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kilitia risasi katika miili ya wafanyakazi na majirani. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, alimpeleka mwanawe kupimwa, cheti cha vipimo kikaonyesha damu yake ina risasi, na kutokana na cheti hicho kimoja likazaliwa dai. Mwaka 2020 mahakama iliamuru waathirika walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, mahakama ya rufani ikaitengua amri hiyo, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Desemba 2024.

Cheti cha namna hiyo ndicho ninachowatakia mafundi wa Kakese na wachimbaji wa Mpanda: damu na mkojo wao upimwe bure, mara kwa mara, bila kungoja mtu aanguke. Na waya wa kulehemu uuzwao madukani uandikwe kwa Kiswahili kama una risasi au hauna, maana leo aghalabu alama iliyopo ni herufi Pb, ishara ya kikemia ya risasi, juu ya kigurudumu, ambazo fundi hakufundishwa kuzisoma.