Njaa inapoteka akili

Novemba 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, vijana 36 wa Marekani walijitolea kushindishwa njaa. Walikuwa wamekataa kushika bunduki kwa sababu ya imani zao. Ancel Keys, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitaka kujua namna bora ya kuwarudishia afya mamilioni ya watu waliodhoofishwa na vita. Baada ya miezi mitatu ya kula vizuri, vijana hao walipewa takriban nusu ya chakula chao kwa miezi sita: viazi, mkate mweusi, makaroni. Walipoteza kama robo ya uzito wao.

Kwamba wangekonda, hilo lilijulikana tangu mwanzo. La kushangaza lilikuwa yale yaliyowapata vichwani. Vijana waliochaguliwa kwa uimara wa mwili na akili walianza kuota chakula usiku, kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kuuburuza mlo mdogo kwa muda mrefu. Wakawa wanajitenga na kukasirika upesi. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula hadi kuvimbiwa na bado wakasema njaa haijaisha.

Aliyewahi kuishi na mgonjwa wa anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, atakuwa amezitambua dalili hizi. Binti anaipikia nyumba nzima lakini hali. Tonge moja analizungusha sahani nzima. Akiulizwa, anafoka. Jamaa huona ukaidi, au maringo, au jini. Kumbe sehemu kubwa ya tabia hiyo ni kazi ya njaa yenyewe. Tofauti ni kwamba vijana wa Minnesota walikitamani chakula, na huyu anakiogopa. Hofu inaleta njaa, njaa inaivuruga akili, na akili iliyovurugika inaizidisha hofu. Ndiyo maana kumwambia “mwanangu, si ule tu” hakumsaidii, hata maneno hayo yakitoka kwa mama anayelia.

Ugonjwa huu si wa jana. Mwaka 1873 William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliueleza, kila mmoja kwa njia yake. Bulimia, ambapo mtu hula kwa pupa kisha akajitapisha, ilielezwa na Gerald Russell mwaka 1979. Kuna pia wanaokula kwa pupa wasitapike, wakabaki na aibu na majuto. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutambua huo kuwa ugonjwa kamili mwaka 2013. Wavulana nao huugua.

Bulimia inanitia hofu zaidi kwa sababu haionekani. Mgonjwa mara nyingi ana uzito wa kawaida, na anayempa hongera kwa kunawiri hajui kinachotendeka chooni. Matapishi huondoka na asidi, na mwili hupoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayategemea ili upige kwa mpangilio. Potasiamu ikishuka mno, moyo unaweza kusimama ghafla, hata wa msichana wa miaka 20. Asidi hiyo hiyo hula meno, kwa hiyo daktari wa meno anaweza kuwa wa kwanza kugundua. Mashavu nayo huvimba karibu na masikio, kwenye tezi za mate.

Kwa anayejinyima, mwili hubana matumizi: moyo hupiga polepole, shinikizo la damu hushuka, baridi haiishi hata kwenye joto la Dar es Salaam, hedhi hukatika. Mifupa hukonda katika umri uleule ambao ingepaswa kujijenga, na hasara hiyo huenda isirudi yote hata mgonjwa akipona. Mwanamuziki Karen Carpenter wa Marekani alifariki Februari 1983 akiwa na miaka 32, moyo ukiwa umeathiriwa na anoreksia.

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya wazungu. Nawaomba watazame Nadroga, Fiji, mahali ambapo mwili mnene ulikuwa sifa na kukonda kulitia watu wasiwasi, kama ilivyo kwetu. Televisheni ilifika mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, na wengine mwaka 1998. Mwanzoni hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa kama 11 katika kila 100. Utafiti ulikuwa mdogo, wasichana 63 kisha 65, lakini hapo ilikuwa televisheni tu. Simu haikuwa bado mkononi mwa kila binti.

Tiba ipo. Kwa vijana wenye anoreksia, njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, huwapa wazazi usimamizi wa kila mlo bila kumlaumu mtoto, kisha humrudishia madaraka kidogo kidogo. Wenye bulimia husaidiwa sana na ushauri wa kitaalamu. Ila aliyedhoofu sana asishindiliwe chakula nyumbani: sukari ikiingia kwa wingi, fosfeti na potasiamu hutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli, na moyo unaweza kushindwa. Huyo aanzie hospitalini.

Anayezimia, ambaye moyo unamwenda mbio, au asiyeweza kuinuka kutoka kuchuchumaa bila kushika kitu, apelekwe leo. Na daktari aambiwe wazi kwamba anajinyima au anajitapisha, kwa sababu akidhaniwa ana vidonda vya tumbo, huenda potasiamu isipimwe kabisa.