Sauti ya mfukoni: mnunuzi wa Goma alipie nini?

Simu nyingi za bei ya juu, mpya au za mkono wa pili, siku hizi hazina tundu la hedifoni. Apple ililiondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016. Samsung ikafuata na Galaxy Note10 mwaka 2019. Pengo hilo limezaa biashara ya vifaa viwili: kigeuzi, kinachobadili tarakimu za wimbo kuwa umeme wa sauti, na amplifaya, inayoupa umeme huo nguvu ya kusukuma hedifoni. Mara nyingi vyote viwili vimo ndani ya waya mfupi wa USB-C.

Hapo ndipo mnunuzi wa Birere, mtaa wa biashara wa Goma mashariki mwa Kongo, anapoweza kupigwa. Mezani, nyaya mbili hufanana kama mapacha. Mmoja hauna chipu. Unangoja simu iugeuze wimbo yenyewe. Ukichomekwa kwenye Samsung isiyo na tundu, hautoi sauti. Wa pili una chipu yake na unafanya kazi. Kwa hiyo usinunue kwa macho. Chomeka kwenye simu yako, vaa hedifoni zako, cheza wimbo unaoujua, kisha usimamishe: ukisikia mvumo au mikwaruzo ukizungusha pini, rudisha.

Bei zina ngazi tatu. Chini kabisa ni waya wa Apple, dola 9 Marekani, wenye kigeuzi kizuri kuliko umbo lake, ingawa kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake hutoka ndogo. Katikati ni KA11 ya FiiO, kampuni iliyoanzishwa Guangzhou mwaka 2007. Ilitoka kwa takriban dola 30. Juu yake ni vifaa vyenye betri yake, kama hip-dac ya iFi ya Uingereza, iliyoingia sokoni mwaka 2020 kwa dola 149. Hizo ni bei za nje. Za Goma hubeba pia usafiri na ushuru.

Kinachoamua ngazi ni hedifoni. Zenye ukinzani wa omu 16 hadi 32, yaani karibu zote zinazouzwa na simu, zinatoshwa na waya mdogo. Sennheiser HD 600 ya omu 300 inahitaji volti nyingi zaidi. Kwayo amplifaya ina maana. Hedifoni za Bluetooth zina kigeuzi na amplifaya ndani, hivyo mwenye nazo abaki na pesa yake.

Namba za kwenye boksi zisikutishe. CD, tangu 1982, inatumia biti 16 na kilohezi 44.1, na kwa masikio ya wengi inatosha. Wimbo uliobanwa na kupitishwa simu hadi simu kwa WhatsApp hautatengenezwa na kifaa chochote, hata kiandikwe biti 32. Anayetaka sauti safi aanze na faili.

Umeme nao ni gharama. Waya hula betri ya simu. Kifaa chenye betri yake kinaacha simu ipumue, lakini ni kitu kingine cha kuchaji, na katika mji ambao umeme hukatika hilo linahesabiwa.

Ugavi ndio mgumu. Mizigo ya Guangzhou na Dubai hushuka Mombasa au Dar es Salaam, kisha hupita Uganda au Rwanda. Waasi wa M23 waliichukua Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, Juni 2022, na Goma Januari 2025. Benki na uwanja wa ndege vikafungwa, na biashara ikaegemea pesa taslimu, pesa za simu na mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda. Wakati huohuo Rubaya, machimbo ya koltani kule Masisi, iliyo mikononi mwa M23 tangu 2024, inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalumu ya dunia, metali itokayo kwenye koltani na kutumika kwenye kapasita za simu na vifaa vingi vya elektroniki. Kivu inauza koltani kwa gunia na kununua elektroniki kwa kipande. Faida kubwa inabaki viwandani, nje.

Kwa duka la Goma, faida iliyo karibu ni uaminifu. Anayetenganisha waya wenye chipu na usio nayo, akamruhusu mteja kujaribu na kurudisha, anauza kitu ambacho jirani yake hana. Kwa mnunuzi wa kawaida, waya wa chini ya dola 30 unatosha. Salio liende kwenye hedifoni.